Kabla ya kujitoa kwenye kundi, jua namba yako iko kwenye orodha ya nani

Minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi, simu za Mtwara na Lindi hazipumziki. Chama cha msingi kinatangaza tarehe ya mnada. Kamati ya harusi inakumbusha ahadi, maana huku shughuli nyingi hupangwa kwa kuangalia hela inaingia lini. Duka la mabati lina bei mpya. Kikoba kinaita kikao, mwalimu wa darasa ana tangazo, waliosoma pamoja miaka ishirini iliyopita wanatakiana asubuhi njema. Katikati ya msongamano huo anapenya mtu usiyemfahamu, anataka "ile hela" itumwe kwenye namba yake.

Swali linaloulizwa sana ni moja: nitajitoaje? Na wengi wakishauliza hubonyeza chochote kilicho karibu. Huyu anafuta meseji zote, kesho yake zimerudi. Yule anazuia namba, kumbe amejikatia na taarifa za malipo yake. Mwingine anazima sauti ya kundi, halafu anashangaa bando linavyoisha kama zamani. Hakuna kati yao aliyekosea kubonyeza. Kila mmoja ametumia njia iliyotengenezwa kwa meseji za aina nyingine.

Meseji za kundi zinafanana ukizitazama kwenye kioo, lakini kwa ndani ni vitu tofauti kabisa. Kinachozitofautisha ni mahali orodha yenye namba yako ilipohifadhiwa. Inaweza kuwa ndani ya simu ya katibu wako, kwenye kompyuta ya kampuni, au kwenye mitambo ya WhatsApp. Ukishajua iko wapi, utajua kama unaweza kujitoa mwenyewe, kama ni lazima umwombe mtu, au kama kilichobaki ni kumfungia mlango.

Nianze na meseji ya kawaida, ile inayofika hata kwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na hadi leo kanuni yake haijabadilika sana: inatoka namba moja, inakwenda namba moja, ikiwa na herufi zisizozidi 160. Katibu wa chama kule Newala akichagua majina mia na kubonyeza tuma mara moja, simu yake inatuma meseji mia, kila moja na njia yake. Wewe unapokea yako, huoni nani mwingine kapata, na ukijibu, jibu linamfikia katibu peke yake.

Maana yake ni kwamba hapo hakuna kundi. Barazani mtu anaweza kuinuka akaaga, lakini huwezi kuinuka kwenye baraza ambayo haipo. Huyu ni mtu anayepita nyumba kwa nyumba, na kwako anabisha hodi kama anavyobisha kwa jirani. Ndiyo sababu kufuta hakusaidii. Umefuta nakala iliyoko kwako tu, orodha iko kwake, na atakapotuma tena mazungumzo yatafunguka upya.

Kwa meseji za namna hii dawa ya kudumu ni kuzungumza na mwenye orodha. Mpigie katibu umwambie ulishahama chama, au shamba sasa analihudumia mdogo wako, aondoe namba yako aweke ya kwake. Kuzuia namba kunawezekana pia. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia mazungumzo kidogo mpaka chaguo la kuzuia litokee, na baadhi ya viswaswadu vina orodha ya namba zilizofungiwa. Lakini fikiri kwanza namba hiyo inakuletea nini kingine. Katibu huyohuyo anayekuchosha na vikao ndiye atakayekutumia bei ya mnada na kukueleza kwa nini malipo yamechelewa benki. Ukimzuia, simu haichagui ipi ni ya maana.

Wenye viswaswadu wana tatizo jingine ambalo sisi wa simu janja tumeshalisahau. Nafasi ya meseji kwenye simu hizo ni ndogo, na ikijaa, mpya haziingii. Bibi aliyeko Kitangari anaweza kukaa siku kadhaa bila kuona meseji ya pesa aliyotumiwa na mwanawe, kwa sababu matangazo yamejaza nafasi yote. Ukienda kumsalimia, mwombe simu, futa matangazo, mwachie za malipo. Ni kazi ndogo na inamfaa sana.

Inayofanana na hiyo, ila iko WhatsApp, ni orodha ya kutangazia. Mtu anakusanya majina hadi 256, anaandika mara moja, kila mmoja anapata ujumbe kwenye mazungumzo yake binafsi. Wauza vitenge na wauza samaki wanaipenda, na wana haki ya kuipenda, kwani haimwanikii mteja mmoja namba za wengine. Wengi hawajui kwamba ujumbe wa orodha hiyo unamfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Kwa hiyo kama mwenye duka anakutumia picha za mali kila asubuhi na hutaki ugomvi naye, futa namba yake kwenye majina yako. Matangazo yatakoma bila kumwambia neno. Naye akikuandikia wewe mwenyewe, ujumbe wake utafika kama kawaida.

Sasa tuje kwa zile zinazokuja na jina badala ya namba. Kwenye nafasi ya mtumaji unaona jina la benki, la kampuni ya mikopo, la mchezo wa bahati nasibu. Jina hilo haliwezi kuzidi herufi 11, na huwezi kulijibu, kwa sababu nyuma yake hakuna simu iliyoshikwa na mtu. Kuna kompyuta yenye orodha ndefu ya namba. Namba yako ilifikaje huko? Mara nyingi ulijaza fomu, ulikopa kwenye simu ukakubali masharti bila kuyasoma, au uliandika namba kwenye daftari la mahali ulipopata huduma.

Hapa kuna tofauti kati ya tangazo na huduma uliyojiunga nayo. Tangazo linakusumbua tu. Huduma inakata salio kila siku au kila wiki: mawaidha, vichekesho, matokeo ya mpira, mlio wa kumsubirisha anayekupigia. Ukiona salio linapungua bila kupiga simu wala kununua bando, usihangaike na kuzuia jina, maana kuzuia kunaficha ujumbe tu na makato yanaendelea. Soma mwisho wa ujumbe kama kuna neno la kutuma ili kujiondoa. Usipoliona, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwaambie wakuondoe kwenye huduma zote za kulipia ulizounganishwa. Wasomee jina lililoandikwa kwenye ujumbe, itawarahisishia kuitafuta.

Kwa matangazo ya kawaida sheria ipo upande wako kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kumzuia mtu au kampuni kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara, na namba ya simu ni taarifa yako. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Anza kwa kuiandikia kampuni yenyewe kwamba hutaki, na utunze nakala ya maandishi hayo. Wengi wetu huku kusini tunaona kulalamika ni kazi ya watu wa Dar es Salaam. Si kweli, namba ni yako popote ulipo.

Utapeli una njia yake, nao haustahili mazungumzo. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anatuma kwa namba nyingi bila kujua ni za nani, akitumaini kwamba miongoni mwa wapokeaji yupo aliyeahidi kumtumia mtu hela leo. Kipindi cha malipo ya korosho, au ya ufuta kule Lindi katikati ya mwaka, watu wengi huku wanadaiwa, wanadai, wanatumiana. Ndiyo maana meseji ileile uliyoipuuza mwezi wa pili inaweza kukunasa mwezi wa kumi na moja: safari hii kweli kuna fundi anayesubiri hela yako. Usijibu, hata kwa kumtukana. Ukijibu umemhakikishia kwamba namba hii ina mtu na anasoma. Ripoti kwenye namba 15040, ambayo ndiyo ya taarifa za utapeli wa simu hapa nchini, ufuate maelekezo utakayorudishiwa, ndipo uizuie namba. Wakati simu iko mkononi, piga pia *106# uangalie ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe, maana namba za kitapeli nazo husajiliwa kwa vitambulisho vya watu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa ujumbe usioombwa, lakini inalenga anayeutuma kwa nia ya kutenda kosa. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia watu wakitishiana nayo kwenye makundi ya michango. Kukumbushwa mchango mara nne kwa siku kunachosha kweli, ila si jinai.

Na hapo ndipo penye uzito, kwenye makundi ya WhatsApp. Hili ni kundi halisi: lipo kwenye mitambo ya programu, lina majina, lina admini, linaweza kubeba watu 1,024, na unaweza kutoka mwenyewe bila kuomba ruhusa. Kwa upande wa simu ni jepesi kuliko aina zote nilizotaja. Kwa upande wa watu ndilo gumu kuliko zote.

Mwenye kupanga shughuli kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mara nyingi ni mjomba. Mjomba akikuunganisha kwenye kundi la harusi ya mpwa wenu, au la kumtoa mwali, kutoka kwako hakusomwi kama umechoshwa na mlio wa simu. Kunasomwa kama umeukataa ukoo. Nimeona undugu ukipoa miezi kwa sababu ya mtu kubonyeza kitufe kimoja saa nne usiku akiwa amechoka. Kwa hiyo kabla ya kutoka, jiulize kinachokuudhi ni nini hasa. Ni sauti, ni bando, ni nafasi ya simu, au ni kuwemo?

Kama ni sauti, nyamazisha. Fungua kundi, gusa jina lake juu, utaona sehemu ya arifa. Utachagua muda wa saa nane, wiki moja, au daima. Hakuna atakayejua. Mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, bado utaarifiwa, na hiyo ni faida, kwani mjomba akikuita utasikia. Kama hutaki hata kuliona kwenye orodha, liweke kwenye kumbukumbu. Litatoka machoni na kubaki huko, meseji zikiendelea kuingia kimyakimya.

Lakini zinaingia. Kundi lililonyamazishwa linakula bando kama kundi linalopiga kelele, kwa sababu simu inaendelea kupakua picha, na video nazo kama mipangilio yako inaziruhusu, ili zikusubiri. Video ya kwaya, video ya mawaidha, video ya ajali iliyotokea nchi nyingine, zikiruhusiwa, zote zinapita kwenye bando lako usiku ukiwa umelala. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utafute upakuaji wa moja kwa moja. Unapotumia data ya simu, ondoa tiki kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo video haitashuka mpaka uiguse. Ujumbe wa sauti wenyewe utaendelea kushuka, ila huo ni mwepesi. Kwa maoni yangu mpangilio huu mmoja unaokoa hela nyingi kuliko kutoka kwenye makundi matano, na ninashangaa haufundishwi dukani simu inaponunuliwa. Picha zinazojaa kwenye simu zina swichi yake pia: ndani ya taarifa za kundi unaweza kuzizuia zisionekane kwenye picha zako.

Kuzuia mtu mmoja ndani ya kundi hakukusaidii. Ukimzuia hatakupigia wala kukuandikia binafsi, lakini anachoandika kundini utaendelea kukiona, na chako atakiona.

Kama kinachokuudhi ni kuwemo, toka. Tangu Agosti 2022 anayetoka hatangazwi tena kwa kundi zima, wanaoarifiwa ni maadmini. Ila usijidanganye kwamba umepotea kabisa: orodha ya waliotoka inaweza kuangaliwa na wanakundi kwa siku 60, na ukooni huwa yupo wa kuiangalia. Ndiyo maana napendekeza kuaga kabla. Mwandikie mwenye kundi peke yake, si mbele ya watu: "Shikamoo mjomba. Shughuli yetu nipo nayo na ahadi yangu iko palepale, nitamkabidhi mweka hazina mkononi. Simu yangu imezidiwa na meseji, naomba unitoe kundini, kukiwa na la kuniambia unipigie." Akikutoa yeye, hakuna aliyekimbia. Kama ni wewe utakayekabidhi mchango, fanya hivyo mapema, kabla ya maneno kuanza.

Makundi ya watu usiowajua ni habari nyingine, na hayo hayahitaji adabu yote hiyo. Umeunganishwa na namba ngeni kwenye kundi la kuzidisha fedha au la ajira za kulipia fomu: toka, na uripoti unapotoka, WhatsApp itapokea meseji za mwisho tano za kundi hilo. Fanya haraka, kwa sababu kila aliyemo anaiona namba yako, na wanaokusanya namba hukusanya huko. Kisha funga mlango waliopitia. Kwenye mipangilio ya faragha kuna sehemu ya makundi, nayo usipoigusa imewekwa kumruhusu kila mtu kukuunganisha. Badilisha iwe majina yako tu, au majina yako isipokuwa wale utakaowachagua. Asiyeruhusiwa atalazimika kukutumia mwaliko, na usipoukubali ndani ya siku tatu unakufa wenyewe. Hilo la "isipokuwa" ni zuri sana kwa yule ndugu anayefungua kundi jipya kila mwezi: unamweka kwenye orodha hiyo, hamgombani, na anapokualika unaamua.

Wenye ndugu Marekani wanakutana na aina nyingine tena. Huko wengi huunda makundi ndani ya programu ya meseji ya simu yenyewe. Kama wote mnatumia iPhone na mazungumzo yanapita kwenye huduma yao ya Apple, utaona chaguo la kuondoka, mradi watakaobaki ni watatu au zaidi. Akiwemo mmoja mwenye simu ya aina nyingine na kundi likapita njia ya zamani ya mtandao wa simu, chaguo hilo hufifia na haligusiki. Hapo kilichobaki ni kuficha arifa, au kumwomba mwenye kundi aanzishe lingine bila wewe. Tahadhari: kwenye kundi la namna hii jibu lako linamfikia kila aliyemo, tofauti na meseji ya katibu wa Newala. Watu wamemsema shangazi wakidhani wanamjibu dada.

Nimesema mengi kwa wapokeaji, lakini nguvu kubwa iko kwa admini, na wengi hawajui walichoshika. Chama cha msingi au shule haihitaji kundi ambalo kila mtu anaandika. Kwenye mipangilio ya kundi kuna chaguo la kuruhusu maadmini pekee kutuma. Bei ya mnada inatoka, watu mia tatu wanaisoma, na haifuatwi na "asante" mia tatu zinazoifukia. Mwenye swali ampigie katibu. Admini anaweza pia kutaka aidhinishe kila anayeingia, kubadili kiungo cha mwaliko kilichosambaa hovyo, na kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa kila mmoja.

Makundi ya michango yana desturi moja ambayo ningeiomba iachwe: ile orodha ya ahadi inayonakiliwa na kila mtu ili aongeze jina lake chini. Majina themanini yanatumwa mara themanini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na anayekuta halimo anadhani amedharauliwa. Mweka hazina ashike orodha yeye, watu wamwandikie yeye, naye aibandike mara moja kwa siku, jioni.

Na shughuli ikiisha, hesabu zikasomwa, kundi livunjwe. Admini awaondoe wanakundi mmoja mmoja hadi abaki peke yake, kisha atoke na kulifuta. Akitangulia kutoka yeye, na hakuna admini mwingine, WhatsApp itamchagua mwanakundi yeyote kuwa admini mpya bila kumuuliza, na kundi la harusi ya mwaka juzi litaendelea kupokea matangazo ya viwanja likiwa na namba zenu zote ndani.